Majina Yote Yaandikwe

Maneno ya Kamati ya Hesabu katika harambee ya mwaka ya wana-Maramba



   

Tunajua kwamba Kamati ya Hesabu ikisimama, watu huanza kutazama saa. Mwaka jana mzee mmoja alituambia kwa upole, "Wanangu, mkianza kusoma tarakimu, mimi huota niko shambani." Mwaka huu tumemhurumia. Taarifa ya mapato na matumizi imekaguliwa na imechapishwa mwishoni mwa kijitabu hiki. Isomeni nyumbani, na mwenye swali atupigie simu. Dakika tulizopewa tutazitumia kwa mambo matatu: kwanza kuwasimulia safari, pili kuomba radhi, tatu kuomba pesa. Tutafuata mpangilio huo.

Jumamosi moja mwaka huu sisi wa tawi la Dar es Salaam tulikodi Coaster tukaenda Bagamoyo. Lengo lilikuwa kula samaki na kufahamiana. Tulikuwa na watoto wetu, ambao wengi wamezaliwa Temeke na Mbagala, na Maramba wanaijua kwa machungwa na iliki tunazoletewa kwenye mabasi. Baada ya chakula mama mmoja katika msafara akasema haiwezekani tufike Bagamoyo turudi na harufu ya samaki tu, twendeni misheni. Tukaenda sote, Waislamu kwa Wakristo, tukapita ile njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili, tukalikuta kanisa la zamani na mnara wake, nyumba ya masista ambayo sasa ni makumbusho, makaburi, na kanisa jipya, ambalo nalo lina zaidi ya miaka mia moja.

Sasa mtu atauliza: harambee ya Maramba, ambako wengi wetu ni Waislamu, habari za kanisa la Bagamoyo zinaingiaje? Tunaomba subira. Habari tuliyoikuta pale inahusu mtaa: watu wasiokuwa na ukoo walivyoujenga, na kilichoupata baadaye.

Wamisionari Wakatoliki walifika Unguja mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi yao ikachukuliwa na Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakavuka bahari kufungua misheni Bagamoyo. Wakati huo soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi. Halikufungwa hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipokubaliana na Waingereza kwa mkataba. Mapadre wale walikwenda sokoni wakanunua watoto. Watoto wengine waliletwa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini.

Hebu tulitazame jambo hili kwa macho ya mhasibu. Mtoto akiwa sokoni ni bidhaa. Ana bei na umri wa kukadiria, na forodhani alihesabiwa kwa kichwa. Jina lake halimhusu mnunuzi. Mtoto yuleyule alipofika misheni aliandikwa katika daftari la ubatizo: jina, tarehe, wasimamizi. Kuanzia siku hiyo, kitabuni hakuwa tena kichwa kimoja kati ya vichwa ishirini. Alikuwa mtu mwenye mstari wake.

Tuseme ukweli wote. Jina alilopewa mara nyingi lilikuwa la mtakatifu wa Ulaya. Jina aliloitwa na mama yake, huko Unyasa au Uyaoni, mara nyingi lilipotea. Wala hakuna aliyemuuliza mtoto kama anataka kuishi Bagamoyo. Lakini alikuwa na jina, na aliyeitwa kwa jina hilo aliweza kuitika.

Wale watoto walikua, wakaoana, wakapewa nyumba na vishamba karibu na misheni. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kijiji cha watu walioachwa huru, Myao jirani na Mzigua, Mnyasa jirani na Mzaramo. Walijifunza useremala, uashi na uhunzi, wakapanda minazi. Aprili 1872 tufani kubwa, ile iliyong'oa mikarafuu ya Unguja, iliangusha majengo ya misheni. Wakaanza upya. Kanisa lile la zamani ni la mwaka huohuo wa 1872. Mwaka 1876 wakajenga pango la Bikira Maria, na mawe yake yalibebwa na watu walioachwa huru.

Sisi watu wa pwani tuna methali tunayoipenda sana kwenye harambee. Kila mwaka lazima mtu aisimamie: mkataa kwao ni mtumwa. Tunawapiga nayo wale wasiochanga. Tulipokuwa tumesimama mbele ya kanisa lile, mmoja wetu aliisema, kwa mazoea, kisha akanyamaza. Sote tukanyamaza. Kwa maana watumwa wa kweli hawakukataa kwao. Walinyang'anywa kwao. Walipofunguliwa hawakuwa na kijiji cha kurudi wala mjomba wa kuuliza njia. Wakafanya jambo gumu zaidi ya kurudi kwao: waliwatazama watu wasiowajua, waliotoka makabila tofauti, wakasema hawa ndio ndugu zetu na hapa ndipo kwetu. Aliyekuwa hana shangazi akampata msimamizi wa ubatizo. Asiye na ukoo akapata jirani. Tangu siku ile tumeamua hatutaitumia tena methali hiyo kumchoma mtu.

Ndugu zetu, mhasibu amefundishwa kwamba kila hesabu ina pande mbili. Upande wa pili wa kijiji kile ni huu: ardhi haikuwa yao. Ilikuwa ya misheni. Siku zao ziligawanywa kwa kengele, na sehemu kubwa ya nguvu zao ilikwenda kwenye mashamba ya misheni. Misheni mpya zilipofunguliwa bara, Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881, Morogoro 1882, familia za vijana kutoka Bagamoyo zilipelekwa kwenda kuanzisha vijiji vingine. Wapo waliochoka na utaratibu huo wakaondoka wenyewe. Biashara ya utumwa ilipokwisha, watu wapya hawakuletwa tena. Leo ukifika utayaona majengo ya misheni yamesimama imara, na tunashukuru yametunzwa. Nyumba za wanakijiji wale hutaziona.

Tena, majina ya mapadre tunayajua. Horner tunamjua, Baur tunamjua. Waliobeba mawe ya pango, je? Tulitoka pale tukiwa tumejifunza tarehe nyingi, lakini katika wale wabeba mawe hatukuweza kumtaja hata mmoja.

Kuna jina moja tu tulilorudi nalo, na sisi wahasibu tumelipenda. Mei 1873 Dakta Livingstone alifariki katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake waliubeba mwili wake kwa miezi mingi wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, ukalazwa misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Susi na Chuma tuliwasoma shuleni. Anayetajwa kidogo ni Jacob Wainwright, aliyekuwa mtumwa, akaachwa huru, akasomeshwa Nasik kule India. Livingstone alipofariki, masanduku yake yalifunguliwa mbele ya wenzao wote, na Wainwright, kwa kuwa alijua kuandika, akaorodhesha vitu vilivyokuwamo, ili baadaye pasiwe na maneno. Fikirini: porini, katikati ya msiba, hakuna mkubwa wa kuwasimamia, na watu wale wanakumbuka kuandika orodha! Waliowahi kuhesabiwa kama mali ndio walioihesabu mali ya mwenzao kwa uaminifu. Wahasibu wa Maramba, huyo ndiye babu yetu.

Sasa tuje nyumbani. Wengi wetu tuliopo hapa ni wajukuu wa mkonge. Zao hilo lililetwa pwani yetu mwaka 1893 na Dakta Hindorf, likapandwa kwanza upande wa Pangani, kisha likaenea mkoa mzima wa Tanga. Mashamba yakahitaji watu, na watu wakaletwa kutoka mbali, Kigoma, Songea, hata Rwanda na Burundi. Walipewa kipande cha siku 30, na siku zikitimia ndipo walipwe. Mnajua waliitwaje. Waliitwa manamba, kwa sababu waliandikwa kwa namba. Baadhi ya majirani zetu wa leo, watani zetu, wakwe zetu, ni watoto wa watu waliokuja kama namba, na wenyeji Wadigo, Wasambaa na Wabondei wakakaa nao mpaka wakawa wenyeji wenzao. Kwa hiyo habari ya Bagamoyo si ya watu wengine. Sisi pia tumetokana na watu walioandikwa vibaya kwenye vitabu vya wengine.

Hapa ndipo kamati yetu inapoomba radhi.

Mwaka juzi tulipofunga hesabu za ujenzi wa hosteli ya wasichana, tulichapisha orodha ya wachangiaji. Aliyetoa laki moja na zaidi tulimwandika jina. Chini yake tukaweka mstari mmoja: "Wengineo." Chini tena mstari mwingine: "Nguvu za wananchi." Kihesabu hakuna kosa. Jumla ilikuwa sahihi na mkaguzi aliipitisha. Lakini ndani ya mistari ile miwili walikuwamo akina mama waliobeba maji ya kujengea wiki nzima, vijana wa bodaboda waliosomba saruji bila nauli, na bibi aliyeuza mkungu wa ndizi akaleta shilingi elfu mbili zikiwa zimefungwa kwenye ncha ya kanga.

Baada ya kitabu kutoka, mzee mmoja alitupigia simu. Alikuwa ametoa jogoo mmoja na siku nne za kuchimba msingi. Akasema, "Wanangu, kitabu nimesomewa mara mbili na mjukuu. Sijajiona. Au mimi ndiye wengineo?"

Tulicheka, yeye akacheka, simu ikaisha. Kicheko kile kilituishia Bagamoyo. Tulitambua kwamba sisi, wasomi wa Maramba, wenye vyeti na programu za kompyuta za hesabu, tumefanya kwenye kitabu chetu wenyewe yaleyale waliyofanyiwa babu zetu. Tumewafanya watu kuwa idadi. Mzee wetu, na wote mliokuwa ndani ya neno lile, tunaomba radhi mbele ya hadhara hii.

Tumelirekebisha. Tulikwenda Maramba, tukakaa na wenyeviti wa vitongoji na akina mama, tukaanza upya. Orodha mpya imo katika kijitabu hiki. Imechukua kurasa nyingi, na aliyechapa alilalamika. Kila aliyetoa ameandikwa: pesa, tripu ya mchanga, siku ya kazi, jogoo. Kama jina lako halimo, au limekosewa, njoo mezani kwetu kabla ya kuondoka. Hilo ni kosa letu na litasahihishwa.

La pili tulilojifunza linahusu ardhi, na nalo lina uchungu wake. Mnakumbuka hosteli ilivyosimama kwenye linta. Miaka miwili kuta zilinyeshewa, nyasi zikaota vyumbani, watoto wakafanya uwanja wa kombolela. Watu walisema kamati imekula pesa. Hazikuliwa. Kiwanja tulipewa kwa mdomo, kwa moyo mweupe, na aliyetupa alifariki. Warithi wake walikuwa na haki ya kuuliza, nasi hatukuwa na hata karatasi moja ya kuwaonyesha. Tulijenga kwenye ardhi isiyokuwa yetu, tukashangaa kwa nini hatuna sauti. Mwaka huu tumekaa na familia ile, tumeelewana, wamelipwa, kiwanja kimepimwa, na hati imetoka kwa jina la Bodi ya Wadhamini wa Chama. Nakala ipo pale mezani. Tafadhali kaiangalieni, muishike kwa mikono yenu.

Kabla ya kuomba pesa, tuvuke bahari mara moja, kwa sababu huko kuna watu waliolitatua jambo hili vizuri. Katika mji wa New Orleans, Marekani, kuna mtaa wa zamani wa watu weusi uitwao Tremé. Katikati yake lipo kanisa Katoliki la Mtakatifu Augustino, lililofunguliwa mwaka 1842. Wakati huo utumwa ulikuwa halali kule, lakini walikuwapo pia watu weusi walio huru. Kanisani mabenchi yalikuwa yakinunuliwa: familia inalipia benchi lake. Mapokeo ya parokia ile yanasimulia kwamba weupe na weusi huru walishindana kununua, na weusi wakawashinda mbali. Kisha wakafanya jambo ambalo halikutazamiwa. Walinunua mabenchi ya pembeni, pande zote mbili, wakawapa watumwa wakae. Mtumwa, ambaye mwenyewe alikuwa mali ya mtu, akawa na mahali pake pa kukaa, palipolipiwa na mtu aliyefanana naye.

Mwaka 2005 kimbunga Katrina kiliuzamisha mji ule. Mwaka uliofuata uongozi wa jimbo ukaamua kuifunga parokia. Watu wa mtaa walikataa. Waliandamana na wengine wakajifungia ndani, mpaka uamuzi ukabadilishwa na parokia ikafunguliwa tena. Nje ya kanisa lile wamesimamisha msalaba wa minyororo, kaburi la mtumwa asiyejulikana jina. Watu wale, tangu mwanzo, walikuwa wamelipia mabenchi kwa pesa zao. Ndiyo maana walipoambiwa pafungwe, walijua ni kwao.

Waheshimiwa, sasa tunaomba.

Wasichana wanaosoma sekondari yetu wanatoka vijiji vya mbali, wengine huko juu milimani, ambako kwenda na kurudi kila siku haiwezekani. Wazazi huwapangishia vyumba mjini Maramba. Watoto wenyewe huviita gheto. Msichana wa miaka 14 anajipikia, anajifungia mlango wenye kufuli la shilingi elfu tatu, na unga ukiisha Jumatano, baba yuko mbali. Mnajua nani hujitokeza na unga Jumatano hiyo. Hatuhitaji kueleza zaidi. Katika ukumbi huu wamo wazazi ambao jambo hili limeingia ndani ya nyumba zao. Kila muhula tunawapoteza watoto ambao hawakushindwa masomo. Walishindwa kupata mahali pa kulala.

Hosteli sasa ina paa, milango na maji. Haina vitanda. Inahitaji vitanda 24 vya ghorofa, wasichana 48 walale. Gharama ya kitanda kimoja, magodoro yake mawili na vyandarua iko kwenye jedwali la ukurasa wa nyuma, pamoja na bei tulizopewa na mafundi watatu.

Ombi letu ni hili. Mwenye uwezo anunue kitanda, hasa yule ambaye hana binti pale. Mwenye binti anayesoma shule ya kulipia Arusha au Dar, amnunulie kitanda binti wa mwenzake, kama wale wa Tremé walivyowanunulia benchi watu ambao hata mshahara hawakuwa nao. Wasio na uwezo huo waungane watano, kumi, darasa zima la mwaka wenu. Wazee wa Maramba msiogope: jogoo bado anapokelewa, na siku ya kazi bado inahesabiwa, kwa sababu uzio haujajengwa.

Tunaahidi mambo matatu, nanyi mtudai. Kila mchango, hata wa shilingi mia tano, utakatiwa risiti. Kila mtoaji ataandikwa jina lake, na neno "wengineo" halitaonekana tena katika kitabu chetu. Na kitanda hakitabandikwa jina la aliyekinunua. Jina la mtoaji litakaa daftarini. Kitanda kitakuwa na jina la mtoto anayekilalia, ili akiingia usiku ajue pale ni pake.

Kwa yule mzee wa jogoo na siku nne za msingi, ambaye tumefurahi kumwona amefika na amekaa mstari wa mbele: babu, fungua ukurasa wa 14, jina la tatu kutoka juu. Mjukuu akusomee.

Meza yetu iko upande wa kulia wa mlango.